Msumeno wa Umeme: Kwanza Chomoa Plagi

Leo tuongee juu ya msumeno wa umeme, ule wenye mnyororo. Wengi wanaudhania ni mpole kuliko ule wa petroli, kwa vile hauna kelele nyingi. Sivyo. Ukiwa kwenye plagi umenyamaza tu. Swichi ikibonyezwa kidogo, mnyororo unakimbia.

Kwa hivyo, kwanza: kabla ya kukaza mnyororo, kuunoa au kuusafisha, chomoa plagi. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.

Pili, umeme wetu ni volti 240. Usikate miti wakati wa mvua. Waya ukae nyuma yako. Waya wa kuongezea ukiwa mrefu na mwembamba, mota inapata umeme hafifu, inachemka, mwishowe inaungua.

Tatu, shika kwa mikono miwili, wala usiinue kupita mabega. Ncha ya juu ya bapa ikigusa mti, msumeno unaruka kuja usoni.

Nne, angalia oili ya mnyororo kila mara. Oili chafu ya gari ina chembe za chuma, inakula mnyororo. Na mkiona unatoa unga badala ya vipande, meno ni butu. Msilazimishe, noeni kwa tupa ya mviringo.

Chagueni mtu mmoja wa kuutunza, na asiyefundishwa asipewe. Msumeno ni wa kikundi kizima, lakini mkono ukikatika ni wa mtu mmoja na watoto wake.