Habari za Ukoo wa Mkwawa wa Uhehe



Watu wengi hujisifia babu zao. Lakini wahenga walisema: Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Twapenda kuyapima maneno hayo kwa habari za ukoo mmoja wa Uhehe, katika nchi ya Iringa.

Kwanza twamtaja Munyigumba, aliyezikusanya nchi ndogo ndogo za Wahehe zikawa nchi moja. Alipofariki, kadiri ya mwaka wa 1879, urithi haukumjia mwanawe Mkwawa kwa raha. Ilimpasa kushindana na Mwambambe. Alipomshinda, ndipo akatawala.

Mkwawa aliuzungushia mji wake wa Kalenga ukuta wa mawe. Tarehe 17 Agosti, 1891, watu wake waliwavizia Wadachi huko Lugalo, wakawashinda, na mkuu wao Zelewski akauawa. Wadachi wakarudi na mizinga, wakautwaa Kalenga mwisho wa Oktoba, 1894. Mkwawa akakaa mwituni karibu miaka minne, na raia zake wakamficha. Hata tarehe 19 Julai, 1898, adui walipomkaribia, akajipiga risasi ili asikamatwe. Kichwa chake kikakatwa.

Mtu angedhani ukoo umekwisha. Lakini mwaka wa 1926 mwanawe Sapi aliwekwa katika kiti cha baba yake, na mwaka wa 1940 kiti kikamfikia mjukuu, Adam Sapi. Kurudishwa kwa fuvu la Mkwawa kulikuwa kumeandikwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, ila Wahehe walingoja miaka 35. Mwaka wa 1954 Gavana Twining alilileta Kalenga, naye Adam akalipokea fuvu la babu yake.

Je, aliketi akala sifa ya babu? La. Mwaka wa 1962 akawa Spika wa Bunge la Tanganyika, akafanya kazi hiyo hata 1973, na tena tangu 1975 mpaka 1994. Babu aliwaita watu wapigane. Mjukuu aliwaita watu waseme, mmoja baada ya mmoja, na wengine wasikilize.

Basi, walimu, waulizeni wazee majina ya babu zao, mkayaandike, na kando ya kila jina andikeni kazi aliyoifanya. Penye jina lisilo na kazi, acheni mahali patupu, ili watoto wapaone.