Uchovu Usiokwisha kwa Wazee Wetu

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Si desturi njema kijana kusimama akawafundisha waliomzaa, wala sikuja kwa nia hiyo. Nimeagizwa na Halmashauri niseme juu ya jambo ambalo kila nyumba yalijua: ule uchovu ambao mzee hulala nao, na asubuhi huamka nao.

Aghalabu mzee akilalamika hivyo twamjibu, "Huo ni uzee tu." Neno hilo lina ukweli kidogo, maana misuli hupungua na usingizi huwa mwepesi. Lakini uzee huja polepole, mwaka kwa mwaka. Mzee aliyekwenda sokoni kwa miguu mwezi wa Pili, naye mwezi wa Tano hafiki langoni pake bila kupumzika, huyo hakuzeeka kwa miezi mitatu. Yafaa apimwe.

Sababu ni nyingi. Iko ya upungufu wa damu, utokanao na minyoo ya safura, malaria, chakula haba, au kidonda cha tumbo kinachovuja ndani, hasa kwa wamezao vidonge vya maumivu ya viungo kila siku. Choo cheusi kama lami ni dalili ya kuvuja huko, na mtu huyo asingoje kesho. Uko ugonjwa wa kisukari, wenye kiu na kukojoa mara kwa mara. Uko udhaifu wa moyo, ambao huvimbisha miguu na kumkata mtu pumzi alalapo. Kiko kifua kikuu, chenye kikohozi cha majuma mawili au zaidi, jasho la usiku na kukonda. Tena wako wajane ambao uchovu wao ni huzuni wasiyopata wa kumwambia. Yote haya yana tiba, au walau nafuu.

Kupima wingi wa damu hutaka tone moja la kidoleni. Kwa kawaida ya Shirika la Afya Ulimwenguni, mwanamume aliye chini ya 13, na mwanamke aliye chini ya 12, damu yake imepungua.

Nyumbani nako kuna la kufanya. Kulala mchana kutwa hakuongezi nguvu, bali hunyong'onyeza misuli. Mwaka 2020 Shirika hilo liliwashauri hata wenye miaka 65 na zaidi wajitahidi kutembea, au kufanya kazi ya kiasi, dakika 150 kwa juma. Asiyeweza na aanze na hatua chache uani. Maharagwe, omena na mboga za majani husaidia damu. Lakini chai inywewayo pamoja na chakula huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini, basi na ingoje kama saa moja. Wenye dawa za presha wasiziache kwa shauri lao wenyewe. Wazichukue zote wakamwonyeshe daktari.

Sasa nageukia Chama chetu. Mwanachama akifa, twachangisha fedha za jeneza na gari kwa siku mbili. Mzee akikosa nauli ya kwenda zahanati, hakuna achangishaye. Katika daftari la mahudhurio huandikwa "hakufika", mara ya pili "hakufika", kisha jina lake huhamia ukurasa wa mazishi. Naomba mkutano huu ufikirie mambo mawili: fungu dogo litengwe kwa nauli na vipimo vya wazee, na mzee akikosa mikutano miwili, wajumbe wawili waende kumjulia hali nyumbani kwake.

Haba na haba hujaza kibaba. Kumzika mtu kwa heshima ni wajibu mwema, na kumpeleka kupimwa angali hai ni wajibu unaotangulia. Shauri nawaachia wazee, maana penye wazee haliharibiki neno.