BIBI YAKO ANALINDWA NA NINI?



Najua wengine mmetoka kijiweni Jamatini, wengine Sabasaba. Nina swali moja tu. Bibi yako aliyebaki kijijini, Bahi au Mpwapwa, kesho akinyang'anywa shamba, au akiitwa mchawi kwa sababu moshi wa kuni umemfanya macho mekundu, analindwa na nini? Msicheke. Usukumani vikongwe wengi wamekatwa mapanga kwa macho hayo hayo.

Utasema Katiba. Haya, tuifungue. Ibara ya 11 ya Katiba ya 1977 inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu ili mtu apate msaada wa jamii wakati wa uzee. Maneno matamu! Sasa rudi Ibara ya 7(2): masharti ya sehemu hiyo hayana nguvu mbele ya mahakama yoyote. Mkono wa kulia umetoa, wa kushoto umechukua. Sera ya Taifa ya Wazee nayo ilitoka 2003, lakini sera haimfikishi mtu kizimbani.

Wakubwa watasema nchi ni maskini. Je, Zanzibar ni tajiri? Mwaka 2016 ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi sh. 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa karani au mvuvi. Mwaka 2020 ikatunga sheria ya wazee. Mkulima wa mtama wa Bahi hakuwa na mshahara wa kukatwa, basi pensheni ya makarani atailia wapi?

Dunia nayo imeamka. Mwaka 1991 Umoja wa Mataifa ulitoa kanuni za wazee, lakini hazifungi nchi yoyote. Afrika nayo ikachukua hatua: itifaki ya haki za wazee ilipitishwa Addis Ababa 2016, ikaanza kutumika Novemba 2024. Inazitaka nchi zilizoiridhia kukomesha tuhuma za uchawi dhidi ya wazee. Aprili 2025, Baraza la Haki za Binadamu, Geneva, likaunda kikundi cha kuandika mkataba wa dunia nzima.

Lakini mkataba hautembei wenyewe hadi Bahi. Bunge liko hapa hapa Dodoma. Mbunge akija kuomba kura, muulize wazee amewadaia sheria gani. Na ukisikia kikongwe wa jirani anaitwa mchawi, simama mlangoni kwake.

Mungu akikujalia, nawe utafika miaka 60. Utakuta kile ulichokidai leo.