Nani Anashika Daftari la Nyumba za Askari?

Mazungumzo ya redio kwa ajili ya amani, yaliyoandikwa ili familia zilizohama na viongozi wa mitaa ya Oicha wapate kuyasoma na kuyajadili pamoja

 

Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo wengi hulisema kwa sauti ya chini, nalo ni malazi ya askari. Askari analala wapi? Mke wake na watoto wake wanalala wapi? Nani aliwapa nyumba hiyo, kwa karatasi gani, na siku kikosi kinapoondoka, ufunguo unarudi mkononi mwa nani? Nia yangu ni kuwaonyesha kwamba kutunza nyumba za askari ni kazi kamili, inayohitaji mafunzo kama kazi ya muuguzi au ya mwalimu. Pahali ambapo hakuna mtu aliyefundishwa kazi hiyo, ugomvi kati ya raia na askari hauishi.

Ninyi mnaijua hali yetu kuliko mimi. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza katika eneo la Beni, watu wa vijiji vya njia ya Eringeti na ya Kamango wamekimbia, wakarudi, wakakimbia tena. Vikosi navyo vimekuja na kuondoka. Operesheni iliyoitwa Sukola 1 ilianza Januari 2014. Mwisho wa Oktoba 2019 jeshi likaanzisha mashambulizi mengine makubwa, na tarehe 30 Novemba 2021 jeshi la Uganda likaingia kupigana pamoja na jeshi letu. Kila mara askari wapya walifika, na kila askari alihitaji pa kulala. Mtu aliyehama aliacha nyumba tupu, na askari aliyefika hakuwa na nyumba. Hapo ndipo matata yanapozaliwa.

Tuchukue mfano. Ni mfano tu, lakini wengi wenu mtaona kama ni habari ya jirani. Mama mmoja alikimbia na watoto wake, akaacha nyumba ya mbao yenye mabati, na nyuma yake kakao na migomba. Baada ya miezi minane anarudi. Anakuta sajini anakaa ndani na mke na watoto watatu. Mama anasema kwa Kiswahili: hii ni nyumba yangu. Sajini anamjibu kwa Kilingala kwamba yeye hakuiba nyumba ya mtu, kila mwezi analipa kodi. Analipa nani? Analipa shemeji ya yule mama, aliyebaki na ufunguo na kujifanya mwenye nyumba.

Mnaona? Mama anafikiri jeshi limemnyang'anya. Sajini anafikiri anafukuzwa kwa sababu yeye ni mgeni aliyetoka mbali. Mmoja ana haki ya nyumba, mwingine ametoa franga zake za mshahara, na yule aliyewadanganya wote wawili amekaa kimya. Kama siku ya kwanza mtu wa jeshi na chefu wa kartye wangeuliza nyumba hii ni ya nani na kuliandika jibu, uongo huu ungekufa siku hiyo hiyo. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tuangalie kidogo nyuma. Wakati wa Wabelgiji, askari wa Force Publique waliishi kambini pamoja na wake zao na watoto, na nyumba zilikaguliwa. Sisemi kwamba utawala ule ulikuwa mwema, hapana. Nasema tu kwamba palikuwa na mtu mwenye kazi ya kujua nani analala wapi. Baadaye, katika miaka ya Zaire, askari aliachwa ajitafutie mwenyewe, na ukazaliwa msemo ule mbaya kwamba raia ni shamba la askari. Matunda yake tuliyaona. Septemba 1991 askari walipora Kinshasa na miji mingine, na mwanzoni mwa 1993 wakapora tena, walipolipwa noti za zaire milioni 5 ambazo wafanyabiashara walizikataa. Baada ya vita, wapiganaji wa majeshi mbalimbali walikusanywa wawe jeshi moja, na kituo kimoja cha kuwachanganya kilikuwa hapa karibu, Nyaleke. Wengi walikuwa na familia. Kuunganisha bunduki kulipangwa, lakini nyumba za familia hazikupangwa kwa bidii ileile.

Liko somo jema tulilolipata wakati huo. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulituma ujumbe ulioitwa EUSEC kusaidia mageuzi ya jeshi letu, nao ukakaa mpaka 2016. Kazi yake moja kubwa ilikuwa kutenganisha njia ya mshahara na njia ya amri, ili kamanda asishike mwenyewe pesa za askari wake. Mimi nasema tufanye vivyo hivyo kwa nyumba. Kamanda aamuru vita. Daftari la malazi lishikwe na mtu mwingine, aliyefundishwa, anayekaguliwa, na anayejulikana kwa raia.

Msidhani pesa peke yake ingetosha. Marekani ni nchi tajiri sana. Tangu 1996 serikali yao iliwapa makampuni ya watu binafsi kazi ya kujenga na kutunza nyumba za familia za askari. Mwaka 2018 habari zikatoka kwamba katika nyumba nyingi mlikuwa ukungu na rangi yenye sumu ya risasi, ile madini, na watoto wanaugua. Mwisho wa 2019 bunge lao likapitisha sheria ya kuwapa askari haki za wapangaji. Nyumba zilikuwapo na pesa zilikuwapo. Kilichopungua ni macho ya mkaguzi mwaminifu na daftari la malalamiko linalosomwa.

Sasa mtaniuliza: mtu huyo afundishwe nini? Nitataja mambo sita.

La kwanza ni kuhesabu. Kabla kikosi hakijafika, ajue wanakuja askari wangapi, wake wangapi na watoto wangapi. Familia isiyohesabiwa haitapewa nyumba, nayo itajitafutia.

La pili ni kuchagua pahali. Shule si pahali pa kulala askari. Mwaka 2013 waziri wa ulinzi alitoa agizo la kukataza jambo hilo na kutaja adhabu, na mwaka 2016 nchi yetu ilikubali Azimio la Shule Salama. Hospitali na kanisa vivyo hivyo. Wala kambi isiwekwe katikati ya watu waliohama, maana adui akija kushambulia askari ataua watoto.

La tatu ni karatasi. Nyumba ikikodiwa, iandikwe hali yake siku ya kuingia: milango mingapi, mabati mangapi, kufuli, kakao, migomba, miti ya matunda. Mwenye nyumba atie sahihi au kidole, chefu wa kartye atie sahihi, na afisa atie sahihi. Nakala 3, kila mmoja na yake. Isomwe kwa sauti kwa Kiswahili na kwa Kilingala, ili asiwepo wa kusema baadaye kwamba hakuelewa.

La nne ni maji, choo na silaha. Wataalamu wa misaada hupima choo 1 kwa watu 20, tena mita 30 au zaidi kutoka kwenye kisima. Choo kibaya cha kambi kinaleta kipindupindu kwa askari na kwa raia bila kuchagua. Risasi na mabomu yawekwe mbali na nyumba za watu. Tarehe 4 Machi 2012, huko Brazzaville, ghala la silaha la kambi ya Mpila lililipuka katikati ya mji, wakafa watu zaidi ya 200.

La tano ni wajane na yatima. Askari akifa vitani, mke wake asiamke asubuhi na kukuta vitu vyake nje. Apewe muda unaojulikana, aandikiwe barua, asaidiwe kurudi kwao. Mjane anayefukuzwa kambini leo, kesho ni mhami kama ninyi.

La sita ni kuondoka. Kikosi kikihama, karatasi ile ya hali ya nyumba isomwe tena mbele ya watu wale wale. Nyumba na uwanja vikaguliwe visibaki na risasi wala bomu. Kilichoharibika kiandikwe, na ufunguo urudi mkononi mwa mwenye nyumba.

Ndugu zangu, haya si ombi la huruma tu. Sheria ipo. Katiba ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 29, inalinda makao ya mtu. Kifungu cha 34 kinasema mali ya mtu ni takatifu, na kwamba hanyang'anywi ila kwa faida ya watu wote, na baada ya kulipwa kwanza malipo ya haki. Tena Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya watu waliohama ndani ya nchi zao zinasema katika kanuni ya 21 kwamba mali waliyoiacha nyuma ilindwe isiharibiwe wala isikaliwe bila haki. Kwa hiyo kukimbia hakukufuti wewe katika nyumba yako. Ulikimbia kifo, hukuikimbia mali yako.

Sasa nasema nawe uliyehama. Ukirudi ukakuta askari ndani ya nyumba yako, usiende peke yako wala usiende usiku. Usikusanye vijana wa kumtoa kwa nguvu, maana mtaingia kwa fimbo na kutoka kwa risasi. Nenda kwanza kwa chefu wa kartye. Chukua karatasi ya parseli kama unayo. Kama iliungua, chukua mashahidi wawili au watatu, majirani wa mpakani. Nendeni pamoja kwa afisa wa kikosi mchana, mseme kwa utulivu, mwombe jambo liandikwe na siku ya kuhama itajwe. Muulize askari swali moja bila hasira: unamlipa nani? Kama analipa ndugu yako, neno la wewe na ndugu yako ni la wazee, na likishindikana ni la mahakama ya amani. Kama askari anakataa kutoka bila haki, au amevunja na kuuza mabati, hilo ni la auditora ya kijeshi. Weka tofauti hizo mbili, usije ukapeleka mashtaka mlango usio wake na kupoteza mwaka.

Nawe chefu, usingoje daftari la jeshi. Anza lako. Daftari moja la shule linatosha. Andika nyumba zilizoachwa katika kartye yako, za nani, mwenyewe yuko wapi, nani anakaa ndani na kwa ruhusa ya nani. Usipokee kitu chochote ili kuandika jina. Siku afisa mpya anapofika, mpelekee orodha kabla hajakuuliza, umwonyeshe nyumba za watu wanaokubali kukodisha na uwanja ambao hauna ugomvi. Afisa asiyeonyeshwa njia nzuri atapita ile anayoiona.

Na ninyi askari ndugu zetu, mnalala kwenye matope kwa ajili yetu, na wengi wamezikwa mbali na kwao. Hatulisahau hilo. Tunawaombea nyumba zinazowafaa watu wenye heshima, nasi tunaomba mlango wa mama aliyekimbia uheshimiwe kama mlango wa mama yenu.

Kwa wakubwa wetu wa jeshi na wa teritwari ombi langu ni hili: kila kikosi kinacholetwa katika eneo la Beni kiwe na mtu wa malazi aliyefundishwa mambo haya sita, raia wajulishwe jina lake, na mara moja kwa mwezi akae meza moja na machefu wa kartye na wajumbe wa waliohama, madaftari yote mawili yakiwa wazi.

Mkimaliza kusoma, kaeni pamoja mjibu maswali haya. Katika aveni yetu, nyumba ngapi zimeachwa, na nani anajua wenyewe wako wapi? Askari wanaokaa kati yetu wanalipa nani? Mtoto wa askari na mtoto wa mhami wanateka maji kisima kimoja, nani anakitunza? Jibu mtakalokosa, hapo ndipo daftari lianzie.