Ramani ya Magonjwa Huanzia Bomani Kwako

  Leo tutazungumza juu ya ramani. Usizime redio, mama. Hii si ile ramani ya darasani ya mito na milima. Ni ramani inayoonyesha ugonjwa uko wapi, nayo inaweza kukusaidia kuwalinda watoto wako na mifugo wako.

Tuchukue mfano wa homa ya Bonde la Ufa. Ugonjwa huu ulielezwa na watafiti kwa mara ya kwanza mwaka 1931, baada ya kondoo kufa kwa wingi katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha. Huletwa na virusi. Virusi hivyo huweza kukaa ndani ya mayai ya aina fulani za mbu, kwenye udongo wa mabonde. Wakati wa kiangazi mayai hayo hukaa makavu bila kufa, hata kwa miaka kadhaa. Mvua kubwa ikinyesha na maji yakituama, mayai huanguliwa, na baadhi ya mbu hutoka wakiwa tayari na virusi. Huwauma ng'ombe, kondoo, mbuzi na ngamia. Binadamu naye huambukizwa hasa anapogusa damu, nyama mbichi au mimba iliyotoka kwa mnyama mgonjwa. Pia anaweza kuambukizwa kwa kuumwa na mbu.

Sasa tazama, mama. Ili kuuzuia ugonjwa kama huu, wataalamu wanahitaji majibu ya maswali matatu. Ni kiini gani cha ugonjwa? Kimo ndani ya nani: mbu, mbuzi, ngamia au mtu? Na kiko wapi? Majibu hayo huandikwa katika hifadhi kubwa za data kwenye kompyuta. Fikiria daftari la kliniki, lakini la dunia nzima. Kwa mfano, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lina hifadhi iitwayo EMPRES-i. Humo huandikwa ugonjwa, aina ya mnyama, mahali na tarehe. Hifadhi ya namna hii ikiwa wazi, mtaalamu aliye Nairobi, Dodoma au Roma anaweza kuisoma. Anachukua habari hizo, anaziweka pamoja na picha za setilaiti zinazoonyesha mvua na majani, kisha anachora ramani ya mahali penye hatari.

Je, ramani hiyo inasaidia kweli? Mnakumbuka mvua kubwa za mwishoni mwa mwaka 2006. Wataalamu walitazama joto la bahari, mvua na majani, wakaona hatari. Mwezi wa Novemba mwaka huo FAO ilitoa onyo kwa nchi za pembe hii ya Afrika. Muda si mrefu watu wakaanza kuugua Garissa. Lakini chanjo ya mifugo ilianza Januari 2007, wakati ugonjwa ulikuwa tayari umeshaenea. Kufikia Machi 2007, Kenya ilikuwa imehesabu wagonjwa 684, na 155 kati yao walifariki. Masoko ya mifugo yalifungwa na familia nyingi zikakosa riziki.

Kuna jambo jingine la kujifunza hapo. Wafugaji wa Kaskazini Mashariki walikuwa wameona dalili mapema: mvua isiyo ya kawaida, mbu wengi mno, na mifugo wanaotupa mimba. Wasomali wanao hata jina la ugonjwa huo, sandik, yaani pua inayotoka damu. Setilaiti iliona mvua. Haikumwona mbuzi aliyetupa mimba nyuma ya nyumba. Aliyemwona ni mama aliyekwenda kukamua.

Kwa hiyo, mama, usidhani ramani ni kazi ya wasomi peke yao. Mahali palipo patupu kwenye ramani si lazima pawe salama. Huenda kuna ugonjwa, ila hakuna aliyetoa habari. Na pasipotolewa habari, chanjo na madaktari huchelewa kufika.

Basi ufanye nini?

Kwanza, toa habari. Ukiona mifugo kadhaa wametupa mimba kwa wakati mmoja, au watoto wa mifugo wanakufa ghafla baada ya mvua kubwa, mwambie daktari wa mifugo, chifu au mhudumu wa afya wa kijiji siku hiyo hiyo. Mweleze mambo manne: mnyama gani, wangapi, wapi, na tangu lini. Huhitaji kujua jina la ugonjwa. Kupima ni kazi ya maabara.

Pili, usiguse kwa mikono mitupu mimba iliyotoka, damu wala mzoga. Watoto wasichezee hapo. Mama mjamzito asisaidie mnyama kuzaa wakati wa ugonjwa. Utafiti uliofanywa Sudan na kuchapishwa mwaka 2016 ulihusisha homa hii na kuharibika kwa mimba za wanawake.

Tatu, usichinje mnyama mgonjwa, wala usile nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe. Tunajua inauma kutupa nyama wakati watoto wana njaa. Lakini mwaka 2018 ugonjwa huu ulipozuka Wajir, mmoja wa wagonjwa wa kwanza alisema alikuwa amekula nyama ya mnyama mgonjwa.

Nne, chemsha maziwa mpaka yatokote, na upike nyama iive kabisa. Laza watoto ndani ya neti.

Tano, mtu akipata homa, maumivu ya kichwa na ya misuli baada ya kushika mifugo, mpeleke kituo cha afya na uwaambie kuhusu mifugo hao. Akitokwa na damu, macho yakiwa manjano, akiona kiza au akichanganyikiwa, usingoje hata saa moja.

Mwisho, msingoje mvua. Chanjo ya mifugo ipo, na kazi yake ni kutangulia ugonjwa. Muulizeni daktari wa mifugo mapema, hasa mkisikia utabiri wa El Niño.

Kumbukeni maneno haya matatu: ugonjwa gani, kwa nani, na wapi. Mama akiyasema mapema, ramani hujaa mapema, na msaada hufika kabla ya kilio.

Jadilianeni katika kikundi chenu: hapa kijijini, habari za mifugo wagonjwa tunampelekea nani, na namba yake ya simu anayo nani?