Sisimizi, Vidukari na Shamba la Karanga

Natumaini darasa limekwisha kukaa, na kila mtu ana kalamu yake. Leo tutazungumza juu ya wadudu wadogo sana, lakini wadudu hao wanaweza kumnyang'anya mtu karanga zake za mwaka mzima.

Tuseme ni mwezi wa Januari. Mvua imekolea, nawe uko shambani kwako, labda karibu na mji wa Mpanda, au Inyonga, au Karema kando ya ziwa. Unaona sisimizi wanapanda na kushuka katika shina la kunde, mmoja nyuma ya mwingine, kama watu waendao gulioni. Wengi wetu husema, "Sisimizi wanakula kunde zangu." Sivyo. Mfuate sisimizi mmoja mpaka juu, penye majani machanga na maua. Geuza jani utazame chini yake. Utakuta wadudu wamebanana, weusi wenye kung'aa, na watoto wao wa rangi ya kijivu. Hao ndio vidukari. Mahali pengine huitwa wadudu mafuta.

Kidukari ana mdomo kama sindano. Huuchoma ndani ya mmea akafyonza maji yake. Maji hayo yana sukari nyingi kuliko anayoihitaji, kwa hiyo sukari inayozidi huitoa nyuma, kama tone la asali. Sisimizi anapenda utamu kama sisi. Humpapasa kidukari kwa papasi zake, na kidukari hutoa tone, naye sisimizi hulinywa. Mtu akikamua ng'ombe hufanya karibu vile vile.

Na mwenye ng'ombe hulinda ng'ombe wake. Sisimizi naye huwalinda vidukari. Akija mdudu wa kuwala, sisimizi humwuma na kumfukuza. Kwa hiyo penye sisimizi wengi vidukari huzaana kwa raha.

Tena huzaana upesi mno. Katika nchi za joto kidukari jike hahitaji dume, wala hatagi mayai. Huzaa watoto walio hai, na mtoto huweza kukomaa kwa muda wa juma moja hivi. Chukueni kalamu. Tuseme kila mmoja azae watoto 40, na wote wapone. Juma la kwanza ni 40. Juma la pili, 40 mara 40, ni 1,600. Juma la tatu ni 64,000. Nao wote wametokana na mmoja! Wakibanana mno, baadhi yao huota mabawa, wakapeperuka na upepo mpaka shamba la jirani.

Labda mtauliza, mbona basi mashamba yote hayajakwisha? Ni kwa sababu vidukari wana maadui, na maadui hao ni rafiki zetu. Wa kwanza ni mdudu mviringo, mgongo wake kama nusu ya punje ya choroko, unang'aa, mwekundu au wa njano, una madoa meusi. Yeye hula vidukari wengi kila siku, na mtoto wake hula vile vile. Lakini mtoto huyo hafanani kabisa na mzazi. Ni mweusi, mrefu, ana miguu sita, na umbo lake ni kama la mamba mdogo. Ninyi mnaojua mamba wa Mto Katuma mtamtambua mara moja. Watu wengi wakimwona humponda, wakidhani ndiye mharibifu. Nakuombeni, mwacheni.

Hapa lazima niseme neno moja la tahadhari. Yuko ndugu wa mdudu huyo anayekula majani, hasa ya maboga. Mgongo wake hauna mng'ao, una vinyweleo kama kitambaa cha mahameli, na mtoto wake ana miiba mwilini. Huyo si rafiki.

Adui wa pili ni mtoto wa nzi fulani mwenye milia ya njano, yule anayesimama hewani bila kusogea. Wa tatu ni nyigu mdogo kuliko sisimizi, ambaye hutaga yai ndani ya mwili wa kidukari. Ukiona kidukari amevimba, amekauka, amekuwa wa kahawia, ujue ndani yake mna mtoto wa nyigu, au amekwisha kutoka akaacha tundu.

Mimi mwenyewe nilikosa jambo hili msimu mmoja. Niliona vidukari katika kunde, nikachukua dawa iliyobaki ya tumbaku nikanyunyiza shamba zima. Siku ya pili palikuwa kimya, nikajisifu. Baada ya majuma matatu vidukari walikuwa wengi kuliko kwanza, na mdudu wa madoa hata mmoja sikumwona. Nilikuwa nimewaua walinzi wangu. Tena mama watoto aliniuliza kama majani yale ya kunde yanafaa kwa mboga. Sikuwa na jibu. Tuliyaacha yakazeeka shambani, na watoto walikula ugali kwa chumvi.

Sasa tuje kwenye karanga, maana huko hasara ni kubwa zaidi. Kidukari huyo huyo mweusi huchukua ugonjwa uitwao rozeti. Mmea hudumaa, majani hubanana kama ua, yakawa ya njano au ya kijani kilichokolea. Ukiupata ungali mchanga, hutavuna kitu. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1907, na ulionekana katika nchi yetu hii hii, wakati wa Wadachi. Miaka ya 1920 wataalamu wawili, Storey na Bottomley, walionyesha huko Afrika ya Kusini kwamba kidukari ndiye mchukuzi. Storey alikuja baadaye kufanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara.

Mmea ukishapata rozeti hauna dawa. Lakini ugonjwa hauchukuliwi na mbegu. Hukaa katika karanga zilizojiotea zenyewe baada ya mavuno, hasa penye unyevu. Zing'oeni kabla ya mvua. Pandeni mapema, mvua za kwanza zikishika, na pandeni karibu karibu: mstari na mstari sentimita 50, mbegu na mbegu sentimita 10. Kidukari anayeruka hupenda kutua penye mmea uliozungukwa na udongo mtupu. Majani yakifunika ardhi upesi, wengi hupita.

Kwa kunde za bustani, pondeni vidukari kwa vidole wangali wachache, au wanyunyizieni maji ya sabuni chini ya majani. Jaribuni kwanza mimea michache, maana sabuni kali huunguza.

Je, sisimizi tuwaue? Mimi nasema hapana. Sisimizi hula mchwa na viwavi pia. Wako ndugu zao huko Unguja, wale wekundu wakali waitwao maji moto. Miaka ya 1950 mtaalamu aitwaye Way aliwachunguza katika minazi. Aliona kwamba penye maji moto, kunguni wa minazi anayeangusha nazi changa hufukuzwa, na mnazi huzaa. Lakini maji moto hao hao huwatunza wadudu wengine wanaofyonza mikarafuu. Mdudu mmoja, kazi mbili. Kwa hiyo mimi huwaacha sisimizi wanionyeshe vidukari walipo.

Kazi ya juma hili: kila mtu atazame mimea 10 ya kunde au karanga. Andikeni ni mingapi ina sisimizi, mingapi ina vidukari, na mingapi ina mdudu wa madoa au mtoto wake. Mwalimu wa darasa atakusanya hesabu hizo, na mkiweza, mwonyesheni bwana shamba au bibi shamba wa kata yenu.

Juma lijalo tutazungumza juu ya fukusi na uhifadhi wa mahindi ghalani. Kwaherini.