Lango la Tovuti ya Chama: Nani Ashike Ufunguo?

Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu, wajumbe wa bodi na wanachama, Mwadui



Nimeombwa nieleze jambo ambalo nilipoanza kazi ya ukaguzi halikuwamo kabisa katika orodha ya mambo tuliyoyaangalia. Siku zile tulihesabu fedha za sanduku, tukapima magunia ghalani, tukalinganisha stakabadhi na daftari. Leo baadhi ya vyama vyenu vina tovuti, na vingine vimeletewa barua na makampuni yanayouza huduma ya kusambaza na kuilinda tovuti hiyo. Bodi zinasita kutia saini kwa sababu hazielewi kinachouzwa. Kusita huko ni halali. Mali ya wanachama haikabidhiwi kwa mtu kwa sababu tu ana maneno mazuri.

Nianze na jambo nililoliona mwenyewe. Niliwahi kukagua chama kimoja, ambacho sitakitaja, kilichokuwa na tovuti ya kutangaza mazao yake. Msimu ulipofunguliwa, mnunuzi alipiga simu kuuliza kama chama kimeacha kilimo na kuingia katika michezo ya kubahatisha, maana alipofungua tovuti alikuta matangazo ya kamari. Bodi ilishituka. Nilipoomba mkataba, nilionyeshwa risiti moja tu ya malipo. Nilipouliza neno la siri liko kwa nani, niliambiwa liko kwa kijana aliyeitengeneza tovuti, naye alikwisha hamia mkoa mwingine. Jina la tovuti lenyewe liliandikishwa kwa anwani yake binafsi. Kwa karatasi zilizokuwapo, chama hakikuwa na tovuti. Kilikuwa kikilipia tovuti ya mtu mwingine. Msimu ule uliisha kabla jina halijarudishwa.

Jambo hilo ndilo lililonifanya nijifunze haya ninayowaeleza.

HUDUMA HII NI KITU GANI

Tovuti hukaa katika mashine iitwayo seva. Seva hiyo mara nyingi iko Ulaya au Marekani. Mwanachama aliyeko Kishapu akiifungua kwa simu yake, ombi lake husafiri kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari, likafika huko, na jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo. Njia ikiwa ndefu, ukurasa huchelewa.

Kampuni ya usambazaji huweka seva zake katika miji mingi ya dunia, na katika kila mji huhifadhi nakala za kurasa na picha za tovuti. Mathalani kampuni ya Cloudflare ina vituo vya namna hiyo Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa. Msomaji hupewa nakala iliyo karibu naye. Ni sawa na chama kikuu kupeleka mbegu za pamba katika ghala la kijiji ili mkulima asisafiri hadi Mwanza kufuata mfuko mmoja.

Kazi ya pili ni ulinzi. Ninyi wenyeji wa Mwadui mnaijua vizuri kuliko wengine. Tangu Dakta Williamson alipogundua almasi hapa mwaka 1940, mgodi ulizungushiwa uzio, na anayeingia au kutoka hupita langoni na kukaguliwa. Kampuni ya ulinzi wa tovuti nayo hukaa mbele ya seva yenu. Kila ombi hupita kwake kwanza: la mnunuzi hupitishwa, la mhalifu huzuiwa.

KWA NINI TUJIHANGAISHE

Yako mambo mawili yaliyotokea katika eneo letu la Afrika Mashariki.

La kwanza lilitokea tarehe 12 Mei, 2024. Nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwamo. Kurasa ambazo nakala zake zilikuwa ndani ya nchi zilikuwa na nafasi bora ya kufunguka kuliko zile zilizopaswa kufuatwa ng'ambo.

La pili lilitokea Kenya mwezi Julai, 2023. Mfumo wa serikali uitwao eCitizen, uliobeba huduma zaidi ya 5,000, ulishambuliwa kwa mafuriko ya maombi ya uongo. Maana yake ni kwamba mashine nyingi zilielekezwa kubisha hodi kwa wakati mmoja, hata wananchi wenye haja ya kweli wakakosa nafasi ya kuingia. Waliotaka tiketi za treni na waliotaka kununua umeme walitaabika. Serikali ya Kenya ilisema kwamba hakuna taarifa zilizopotea. Mwezi Oktoba, 2024, Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan kwa mashambulio ya kundi lililojitangaza kuhusika.

Mtu anaweza kusema: ile ni serikali, sisi ni chama cha msingi, nani atatushambulia? Jibu ni kwamba washambuliaji wengi hawachagui. Programu zao huzunguka duniani usiku na mchana zikijaribu kila mlango, kama mwizi anayepita mtaani akisukuma kila kitasa. Tena tovuti yetu ina siku zake za thamani. Mazao kama korosho, ufuta na dengu yamekwisha anza kuuzwa kwa minada ya mtandao ya Soko la Bidhaa Tanzania. Mnunuzi aliyeko Dar es Salaam au India hatakuja kwanza Mwadui kutuona, atatutafuta mtandaoni. Akikuta mlango umefungwa siku ya mnada, hatangoji hadi kesho.

MAMBO YA KUPIMA KABLA YA KUTIA SAINI

Kwanza, haja. Huduma hii haiponyi tovuti iliyotengenezwa vibaya. Nimeona ukurasa wa mbele wenye picha kubwa za mkutano mkuu, ambao unakula kifurushi cha mwanachama kabla hajaiona bei ya pamba. Picha hizo zipunguzwe kwanza. Kazi hiyo haihitaji mkataba wa mtu yeyote.

Pili, ukaribu. Msiridhike na ramani ya dunia yenye nukta nyingi. Kampuni inaweza kuwa na vituo mia Ulaya, na cha karibu nasi kikawa Afrika ya Kusini. Ombeni majaribio ya wiki mbili. Mtu mmoja afungue tovuti akiwa Mwadui, mwingine Kahama, mwingine Geita, kwa mitandao tofauti ya simu, asubuhi na jioni, aandike sekunde katika daftari. Kisha mlinganishe na hali ya zamani. Hiyo ndiyo mizani yenu.

Tatu, bei na masharti. Yako makampuni yenye daraja lisilo na ada, nalo laweza kutosha tovuti ndogo ya matangazo. Mengine hutoza kwa kiasi cha data kinachopita, na bei ya Afrika huweza kuwa kubwa kuliko ya Ulaya. Ulizeni bili itakuwaje tukishambuliwa: je, tutatozwa kwa mafuriko ya mhalifu? Ulizeni pia mlinzi atakaa nasi hadi wapi. Mwezi Septemba, 2016, mwandishi mmoja wa Marekani, Brian Krebs, alikuwa akilindwa bure na kampuni kubwa ya Akamai. Tovuti yake iliposhambuliwa kwa nguvu isiyo ya kawaida, kampuni ilimtaka aondoke, kwa kuwa gharama ilikuwa imezidi. Alipata hifadhi kwa Google. Siilaumu kampuni ile. Kisicholipiwa hakina dhamana. Lakini bodi ijue hivyo kabla ya siku ya mvua.

Nne, uzio mzima. Lango zuri halifai kitu ikiwa uzio una tundu nyuma. Anwani halisi ya seva yenu ikijulikana, mhalifu ataiendea moja kwa moja bila kupita langoni. Kwa hiyo fundi aifunge seva ili ikubali maombi yanayotoka kwa kampuni ya ulinzi peke yake, na athibitishe hivyo kwa maandishi. Aidha, angalieni ile alama ya kufuli inayoonekana juu ya ukurasa. Upo mpangilio ambao taarifa hufungwa kutoka kwa msomaji hadi kwa kampuni, lakini kutoka kwa kampuni hadi kwenye seva husafiri wazi. Msomaji huona kufuli na kuamini, kumbe ni ya nusu safari. Takeni ya safari nzima.

Tano, siri za wanachama. Nakala zinazosambazwa ziwe za mambo ya wazi tu: bei, matangazo, picha. Ukurasa wenye hisa, mkopo au malipo ya mwanachama usihifadhiwe hata kidogo. Tarehe 25 Desemba, 2015, duka la michezo la Steam lilishambuliwa, na katika kujihami mpangilio wa nakala ulikosewa. Watu wapatao 34,000 waliathirika, kwa kuwa kurasa za taarifa zao zilionyeshwa kwa wengine. Fikirini jambo hilo likitokea kwa daftari la mikopo la chama chenu. Mkutano mkuu hautatosha kulimaliza. Tena tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023. Sheria hiyo inamtaka anayekusanya taarifa za watu kujisajili kwa Tume husika, na inaweka masharti juu ya taarifa zinazopelekwa nje ya nchi. Kampuni ya ng'ambo inapokaa langoni, taarifa zinapita mikononi mwake. Swali hili lipelekwe kwa mwanasheria, lisiachiwe muuzaji.

Sita, ufunguo. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Jina la tovuti liandikishwe kwa jina la chama. Akaunti ya huduma ifunguliwe kwa barua pepe ya chama, si ya meneja, si ya fundi, si ya mtoto wa mwenyekiti. Kuingia kuhitaji neno la siri pamoja na namba ya uthibitisho, na wawepo maofisa wawili wenye ruhusa, kama zilivyo saini za benki. Fundi apewe ruhusa yake mwenyewe inayoweza kuondolewa siku anapoondoka. Ofisa anapokabidhi ofisi, tovuti iandikwe katika hati ya makabidhiano pamoja na meza, kabati na mizani.

MLINZI NAYE HUUGUA

Msidhani kwamba kwa kununua huduma mmemaliza. Tarehe 8 Juni, 2021, kampuni ya Fastly ilipata hitilafu, na magazeti makubwa pamoja na tovuti ya serikali ya Uingereza vikazimika kwa muda. Tarehe 18 Novemba, 2025, ikawa zamu ya Cloudflare. Faili moja la mfumo wake lilikua kuliko kipimo, na kuanzia saa nane mchana kwa saa zetu tovuti nyingi duniani zilitoa ujumbe wa kosa kwa saa kadhaa. Hakuwapo mhalifu; lilikuwa kosa la ndani. Baya zaidi, wateja wengi walishindwa hata kuingia katika akaunti zao ili wabadili njia.

Kwa hiyo chama kiwe na njia ya pili. Nakala kamili ya tovuti iwekwe mahali pengine, na maelezo ya kuihamisha yaandikwe kwa lugha inayosomeka. Bei na tarehe za malipo zitumwe pia kwa ujumbe wa simu, na zibandikwe ubaoni pale ghalani. Ubao wa ghalani haujawahi kuzimwa na hitilafu ya kampuni.

NITAKAYOULIZA NIKIJA

Nikifika ofisini kwenu nitaomba karatasi nne: uthibitisho kwamba jina la tovuti ni la chama, mkataba au masharti ya huduma, muhtasari wa kikao cha bodi kilichoamua, na daftari la majaribio yale ya wiki mbili. Asiye nazo asizitengeneze usiku wa kuamkia ukaguzi. Aniambie hana, tuanze pamoja.

Ndugu Wanachama, wazee wetu wa Kanda ya Ziwa waliibiwa pamba yao kwenye mizani. Hawakuacha kulima, wala hawakuwakataa wanunuzi wote. Waliweka wapimaji wao wenyewe kusimama kando ya mizani, na katika harakati hizo, chini ya uongozi wa Paul Bomani, likazaliwa mwaka 1955 Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Waliotaka ni kuona kwa macho yao namba inayoandikwa.

Nasi tufanye vivyo hivyo. Kampuni ya kulinda lango tunaweza kuiajiri, na pengine hatuna budi kuiajiri. Lakini ufunguo wa lango na daftari la vipimo vibaki mikononi mwa chama.